Tuuhesabu Mwaka Uliokwisha



Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Meru na Embu waliruhusiwa kupanda kahawa, ilhali Waafrika wa sehemu nyingi za Kenya walikuwa wamekatazwa. Mche wa kahawa hungojewa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Basi aliyeupanda alipaswa kujua mapema analolitaka.

Je, sisi twajua? Kiwandani buni mbivu huchaguliwa, na mbichi hutengwa. Na tuzichague vivyo hivyo siku zetu za mwaka uliokwisha. Fedha za kahawa zilikwenda wapi: katika karo ya watoto, au katika pombe? Ni jirani gani tuliyemkosea, tusimwombe radhi? Tuyaandike majibu, kabla hatujaanza kupalilia tena. Mali bila daftari hupotea bila habari; na miaka ni mali.