Osheni Kwanza, Ndipo Mhesabu



Wahitimu wetu wa uhandisi wa tiba, mmejifunza kutengeneza haidrojeli, jeli inayonyonya maji mengi na kubaki na umbo lake. Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa jeli za namna hii zinafaa kutumika mwilini. Humo ndimo zilimotoka lenzi laini za macho. Ulaini wa haidrojeli unakaribia ule wa nyama ya mwili. Hata hivyo, nyingi hazishikani na protini, na seli ikitua juu yake hubaki duara, haijitandazi. Seli nyingi za mwili zikikosa pa kushika, hufa.

Ndipo tunapoipa jeli utando mwembamba wa protini: kolajeni, laminini au fibronektini. Seli huzitambua protini hizo kwa vipokezi vyake viitwavyo integrini. Mwaka 1984, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kuwa katika fibronektini, protini yenye asidi amino zaidi ya 2,000, kiini cha mahali seli inaposhika ni asidi amino tatu tu: ajinini, glisini na aspatiki. Hawakutosheka kujua kwamba seli zinashika. Walitaka kujua zinashika wapi hasa.

Nanyi msitosheke upesi. Protini iliyopakwa juujuu huweza kuondoka na maji. Ni heri ifungwe kwenye jeli kwa kemia. Vivyo hivyo kwa seli: maabarani hatuzihesabu kabla ya kuosha. Zilizotua tu huchukuliwa na maji, zilizoshika hubaki.

Nawasihi mwende na desturi hiyo popote mtakapoajiriwa. Mtahimizwa kutoa matokeo mapema, pengine na mkubwa wenu mwenyewe. Mkumbukeni mgonjwa aliyeungua anayesubiri ngozi: picha nzuri ya ripoti haitamfunika jeraha. Osheni kwanza, ndipo mhesabu. Zikibaki seli chache, andikeni chache, na mweleze mlivyoosha, ili atakayewafuata ajue pa kuanzia.

Wazazi, ada mliyolipa kwa jasho imezaa wataalamu. Wahitimu, wagonjwa wataweka miili yao juu ya neno lenu. Liwe neno la kweli.

Mungu awatangulie.