Baraza Letu na Habari za Mji wa Moshi
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya chama



Mhazini amekwisha kuwasomea hesabu za miaka 10, naye amezisoma vizuri, hata sina la kuongeza juu ya magunia, mikopo na akiba. Mimi nimeombwa kunena juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vyake, nalo ni baraza la mbele la ofisi yetu, pamoja na mazungumzo yafanyikayo pale kila Alhamisi na Jumamosi. Nimekubali kwa furaha, maana mchana huu mtaombwa kupiga kura juu ya baraza hilo hilo: libaki wazi kama lilivyo, au lizungushiwe ukuta na kupangishwa liwe maduka matatu. Ni haki kila mjumbe ajue ni kitu gani kinachotolewa kabla hajainua mkono wake.

Ninyi mtokao Kibosho, Uru, Machame, Kilema na Marangu mnalifahamu baraza lile. Mtu hushuka mjini kwa gari la asubuhi, huja ofisini kwa haja yake, na wakati karani anapotafuta faili, yeye huketi juu ya benchi refu kivulini. Kabla hajaitwa jina amekwisha kupata habari zote za mji: nani amefariki, duka lipi limefungwa, nyumba ipi imebomolewa, bei ya ndizi ikoje Mbuyuni, na barabara ipi inachimbwa tena. Wala si wanachama peke yao waketio pale. Wako mafundi cherehani wa mtaa wa jirani, wako akina mama wauzao matunda, wako makuli wa zamani wa stesheni na walimu waliostaafu. Hakuna aliyewaalika, na katika miaka 10 hakuna aliyewafukuza.

Hapo kwanza zilikuwa ni habari tu. Lakini habari ya nyumba iliyobomolewa leo huzaa swali: je, nyumba ile ilijengwa lini, na nani alikaa humo? Hapo mmoja hujibu, mwingine hupinga, wa tatu hucheka na kusema wote wawili walikuwa bado hawajazaliwa. Hivyo ndivyo baraza letu lilivyogeuka kuwa mahali ambapo wakazi wa Moshi hukumbushana mji wao. Karani wetu, ambaye ni mtu mwangalifu, alianza kuandika katika daftari yale yaliyokubaliwa na yale ambayo bado yabishaniwa. Madaftari hayo sasa ni manne.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya reli. Vijana wengi hudhani ya kuwa mji huu uliitwa Moshi kwa sababu ya gari la moshi. Sivyo, jina ni la kale kuliko reli. Zamani za Mangi Rindi, ambaye jina lake limebaki katika mtaa mmoja wa hapa mjini, Moshi ilikuwa huko juu mlimani, mahali tupaitapo leo Old Moshi, na ndiko Wajerumani walikojenga boma lao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikoma huku chini penye tambarare, na mji ukaifuata. Biashara iliteremka, ofisi zikateremka, na jina nalo likateremka pamoja nazo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walivuta njia kutoka Voi, nayo ikaungana na ya kwetu penye Kahe mwaka 1916, hata mzigo wa Moshi ukawa na bandari mbili, Tanga na Mombasa. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha, na Moshi haukuwa tena mwisho wa njia. Wako wazee wasemao kuwa toka siku hiyo mji ulipungukiwa na kitu. Mimi sidhani hivyo, lakini nimeona kuwa wasemao hayo ni wale waliozaliwa karibu na stesheni.

Basi, katika miaka ya 1990 safari za abiria zilikoma. Majani yaliota kati ya mataruma, na mbuzi wakapata malisho. Watoto wakakua mpaka wakaoa na kuolewa bila kusikia mlio wa gari moshi la abiria mjini. Mwezi wa Disemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, gari la abiria kutoka Dar es Salaam liliingia tena Moshi. Wiki ile benchi letu halikutosha. Kuli mmoja mzee alisimama na kuonyesha kwa fimbo yake, kama mwalimu mbele ya ubao, mahali yaliposimama mabehewa ya daraja la tatu, mahali ilipowekwa mizigo ya barua, na mlango ambao kuli hakuruhusiwa kupita. Wasikilizaji wake wengi walikuwa vijana wa bodaboda, ambao siku ile walikwenda kuwapakia abiria penye uwanja ule ule alioufanyia kazi yeye.

Sasa niseme juu ya kahawa, kwa kuwa pasipo kahawa kusingekuwa na mji wa kuzungumziwa. Mche uliopandwa na wamisionari huko Kilema katika miaka ya 1890 uliingia mashambani mwa Wachagga. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake. Na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU. Atazamaye mji wa kati leo, kuanzia mnara wa saa na jumba la KNCU mpaka kwenye mabenki na mitaa ya maduka, anatazama fedha ya kahawa iliyogeuzwa kuwa mawe na saruji. Mkulima alipopata malipo ya pili, fundi cherehani alijua siku ile ile, mwenye duka la baiskeli alijua, hata mkaanga samaki alijua. Bibi mmoja aliyeshona sare za shule kwa miaka mingi aliwaambia wenzake barazani ya kuwa yeye hakuhitaji kusoma gazeti ili kujua bei ya kahawa: alihesabu mikunjo ambayo mama aliomba iachwe katika sketi ya mtoto. Mwaka wa bei nzuri mama alisema, "Mshonee ya kumtosha." Mwaka wa bei mbaya alisema, "Mwachie ya kukulia." Neno hilo limo katika daftari la pili, na kwangu mimi lina thamani sawa na taarifa ya mwaka mzima.

Yako mambo ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mwezi wa Aprili 1971 majumba mengi ya kupangisha yalichukuliwa na Serikali, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zimekaa juu ya maduka yao kwa vizazi viwili au vitatu zikaondoka, nyingine zikaenda Uingereza na Kanada. Wako waliosema ni haki, kwa kuwa kodi ilikuwa nzito na mpangaji hakuwa na mtetezi. Wako waliolia walipoagana na jirani. Barazani nimewasikia wote, nao hukaa benchi moja. Miaka iliyofuata ikaleta foleni za sukari, sabuni na khanga mbele ya maduka ya RTC; na uingizaji wa bidhaa ulipolegezwa mwaka 1984, nguo za mitumba zikaanza kufurika, hata Kiboriloni na Memorial pakawa na sifa mpaka nje ya mkoa. Fundi cherehani asiyeikumbuka miaka hiyo kwa uchungu hayupo.

Na leo? Mji uliopewa hadhi mwaka 1956 na kufanywa manispaa mwaka 1988 ulihesabiwa kuwa na watu 184,292 mwaka 2012, na hesabu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya laki mbili. Duka moja la zamani sasa limegawanywa mara nne: huku wakala wa fedha za simu, huku vifaa vya simu hizo, huku vinyozi, huku ofisi ya kuwapeleka wageni mlimani. Mgeni hushuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hulala usiku mmoja, hupanda Kibo, naye huondoka akijua njia ya kilele kuliko mtaa mmoja wa mjini. Simlaumu. Na mlima wenyewe anaoupanda si ule wa babu zetu: wataalamu wamepima na kuona kuwa barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 ifikapo mwaka 2007. Wazee waliposema barazani kwamba Kibo ilikuwa nyeupe mpaka chini zaidi, vijana walidhani ni majigambo.

Ndugu wajumbe, msinielewe kuwa nataka mji usimame. Mji uliosimama ni makaburi. Nasema tu kwamba mabadiliko yanapokuja, lazima pawepo mahali ambapo watu hukutana na kuulizana.

Tena, kumbukumbu hizi si za kujifurahisha tu. Nitawapa mfano mmoja, na chama kinachohusika sitakitaja. Mnajua ya kuwa mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kwamba sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Katika miaka hiyo ya kati mali nyingi zilipita mikononi mwa wengine, na vitabu vingi vikaliwa na mchwa. Chama kimoja cha msingi kilijua kuwa kina ghala, lakini hakikuwa na karatasi ya kuonyesha mpaka wake, na jirani alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa nyumba. Mjumbe wao alikuja kwetu kwa jambo jingine kabisa, akaketi barazani, akalalamika kama watu walalamikavyo. Aliyeketi kushoto kwake alikuwa dereva wa lori wa zamani. Alisema: "Ghala lile nilipakia mimi. Nililizunguka kwa gari upande wa nyuma, penye mfereji. Gari lingepita wapi kama mpaka ungekuwa ukutani?" Dereva wa pili alipatikana Njoro, mpakiaji alipatikana Pasua, na wote watatu wakaenda kutoa ushahidi mbele ya baraza la ardhi. Mfereji ulichimbuliwa, ukaonekana, na jirani akarudisha msingi wake nyuma. Sasa, Bwana Mhazini, tafadhali nikuulize kwa heshima: kodi ya mwezi mmoja ya duka moja ingenunua mashahidi wangapi wa namna ile?

Sipuuzi hoja ya mhazini. Paa la ghala letu linavuja, mishahara ya makarani ni midogo, na ofisi iliyo mjini kati, yenye baraza pana linalotazama barabara, ni mali ambayo mfanyabiashara yeyote angeitamani. Yeye ameajiriwa kutazama fedha, na kama asingelileta pendekezo hili ningemshangaa. Lakini upande wa nyuma tuna vyumba viwili vilivyojaa mizani mibovu na magunia matupu, vyenye mlango wao unaoelekea kichochoro cha soko. Vipangishwe hivyo. Kodi yake itakuwa ndogo kuliko ya mbele, nakiri. Lakini paa litazibwa, na benchi litabaki mahali pake. Nimezungumza na mafundi wawili, nao wameniambia kuwa kazi ya kuvitengeneza ni ya majuma matatu.

Kura itapigwa baada ya chakula, kwa kuinua mikono, na kila chama cha msingi kina kura moja. Wajumbe watakaotaka kuyaona madaftari manne kabla ya hapo watayakuta mezani kwa karani, karibu na mlango wa kushoto. Nao wenye picha za zamani za mji, hata kama ni ya harusi tu ambayo nyuma yake yaonekana duka au mti uliokatwa, wanaombwa wazilete Alhamisi ijayo zinakiliwe na kurudishwa siku ile ile. Tafadhali andikeni nyuma ya kila picha jina la mtaa na mwaka, kwa kalamu ya risasi wala si kwa wino, maana wino hupenya.