Tumesikia Nini?



Tarehe 3 Septemba 1974 ndege ya British Airways, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikikaribia Nairobi. Mwongoza ndege aliwaruhusu marubani washuke hadi futi 7,500: saba, tano, sifuri, sifuri. Wao wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Na uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari! Wakazidi kushuka mawinguni, wakitii amri ambayo hakuna aliyeitoa. Walipotoka mawinguni wakaiona ardhi, wakaipandisha ndege ikiwa imebakiza futi 70 hivi. Hakuna aliyekufa.

Ndiyo maana rubani hatakiwi kujibu “nimesikia” tu. Huirudia namba yote, na mwongoza ndege huisikiliza tena.

Huku kwetu Bashay hatuna uwanja wa ndege. Lakini siku moja tuliletewa habari za mgonjwa mahututi. Tukajibu “tumesikia”, tukashika njia ya kigango kingine. Tulipomfikia na Mafuta Matakatifu, jamaa walikuwa wamekwisha kumfumba macho. Tangu siku ile, anayetuletea habari tunamwomba asubiri kidogo, tumrudishie maneno yake. Wengine hutucheka.