Je, Aliyeokoka Haanguki Tena?



Nimeombwa nijibu swali lililotushinda tangu bwenini: aliyeokoka aweza kuacha dhambi kabisa?

Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, aonekana kusema mawili. Sura ya 1 yasema anayejidai hana dhambi anajidanganya. Sura ya 3 yasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Wataalamu wengi wa Kiyunani hueleza kwamba kitenzi cha sura ya 3 ni cha jambo linaloendelea: yaani, haifanyi dhambi kuwa desturi yake. Kujikwaa njiani si sawa na kulala shimoni.

John Wesley wa Uingereza alifundisha kwamba upendo mkamilifu hupatikana hapa duniani, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1766. Lakini mwenyewe hakudai kuufikia. Nao ndugu wa Uamsho, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikutana, wakaungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba. Huko ndiko walikokuita kutembea nuruni.

Hofu yangu ni hii. Tukiwaambia vijana kwamba aliyeokoka hakosi kamwe, atakayeanguka atajificha, au atalikimbia kanisa. Tukiwaambia kwamba kuanguka si kitu, hawatapigana vita.

Basi jibu langu: dhambi haitutawali tena, lakini bado inatuvizia. Tuungame mapema, tulipe tunachodaiwa, tuinuke.