Jasi, Kipuli na Herini: Maneno Yanayopotea Pamoja na Ufundi



Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea tafsiri ya masimulizi ya bibi mmoja wa Lamu. Bibi huyo alieleza kwamba siku ya harusi yake alitiwa majasi masikioni. Mwanafunzi, ambaye jasi aliyoijua ni ile ya kutengenezea dari, akaandika kwamba bibi harusi alizibwa masikio kwa unga mweupe. Sikumlaumu. Ngeli peke yake ingeweza kumwonya, kwani jasi la sikio lina wingi na jasi ya dari haina. Lakini sisi walimu hatukuwa tumemfundisha kwamba jasi ni pambo.

Leo pambo lolote la sikio tunaliita herini, na tunadhani tumesema yote. Wazee wetu walitofautisha. Jasi lilikuwa pambo la duara, pana, lililokaa ndani ya ndewe, yaani tundu la ncha ya sikio. Kipuli kilikuwa pambo dogo la kuning'inia, na vipuli kadhaa viliweza kupangwa kufuata ukingo wa sikio. Palikuwapo pia shamili. Kila neno lilieleza umbo la pambo na mahali pake mwilini. Sikio lilikuwa na ramani, na ramani hiyo iliandikwa kwa msamiati.

Ndewe yenyewe haikupatikana kwa siku moja. Mtoto wa kike alitogwa masikio angali mdogo. Tundu lilipopona liliachiwa kijiti, kisha kingine kinene zaidi, mpaka likapanuka kiasi cha kupokea jasi. Kwa hiyo jasi halikuwa kitu cha kuvaa asubuhi na kukisahau jioni. Mwili ulikuwa umeandaliwa kwa miaka ili ulipokee.

Upande wa pili alikuwapo mfua fedha. Madini yake yalitoka mbali. Chimbuko moja mashuhuri lilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye tarehe ya 1780, iliyoendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki. Ilikuwa na uzito wa takriban gramu 28, na zaidi ya asilimia 83 yake ilikuwa fedha halisi. Fundi aliiyeyusha, akaifua juu ya fuawe hadi ikawa bamba jembamba, akakata utepe na kuukunja kuwa duara, kisha akaulehemu kwenye uso wa jasi. Waya aliupitisha katika chamburo, tundu baada ya tundu, kila moja dogo kuliko lililotangulia, hadi ukawa mwembamba kama uzi. Kwa uzi huo na chembe ndogo za fedha alipamba uso wa jasi, au aliunakshi kwa ncha ya chuma.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba majasi yalikuwa ya matajiri peke yao. Asiyeweza kununua fedha wala dhahabu alikunja karatasi za rangi, akazibana zikawa duara, akazitia katika ndewe. Hayo nayo yaliitwa majasi. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu: neno halikutaja bei wala madini, bali umbo na mahali. Bibi wa nyumba ya mawe na mwanamke wa kibanda cha makuti walitofautiana kwa mali, wakakutana katika neno.

Tazameni pia asili ya maneno ya kazi hii. Fedha, dhahabu na nakshi yametoka Kiarabu. Sonara ametoka Bara Hindi. Lakini sikio, tundu na kufua ni maneno ya Kibantu. Bahari ilileta madini na mitindo. Mwili na mkono unaofua vilibaki na majina ya kwao. Anayetaka kujua ustaarabu wa Mswahili ulivyofumwa hahitaji kuanza na magofu peke yake. Aanze na sikio.

Na hapa ndipo penye haraka. Magofu hubaki, lakini fedha huyeyushwa. Pambo lililochakaa lilirudi kwa fundi, likatoka likiwa jingine. Ndiyo maana mapambo ya kale yaliyosalia katika majumba ya makumbusho ni sehemu ndogo tu ya yaliyovaliwa. Kitu kikishatoweka, shahidi anayebaki ni neno. Nalo neno sasa linavamiwa: jasi imekuwa ya dari, na kipuli, kwa masikio ya wengi, kimechanganywa na vipuri vya magari. Ndewe imebaki kamusini.

Ninawaomba wanafunzi wa isimu na fasihi wasingoje. Nendeni kwa mafundi wachache waliosalia na kwa bibi zenu. Waulizeni kila chombo kinaitwaje, kila hatua inaitwaje, na pambo lipi lilikaa wapi. Andikeni jibu kwa lahaja waliyoitumia, bila kuwasahihisha. Kamusi huhifadhi neno, haiwezi kulihoji. Wao bado tunaweza kuwahoji.