Mjane Mwenye Kuni Mbili



Katika Dominika ya 32 ya Mwaka B, Mama Kanisa anatuwekea mbele ya macho yetu wajane wawili. Yule wa Injili ya Marko twamfahamu sana, aliyetia sarafu zake mbili katika sanduku la hazina. Kila yanapofika mavuno na zaka husimuliwa, na pengine husimuliwa kupita kiasi. Leo twapenda kukaa kidogo na yule mwingine, mjane wa Sarepta, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Nabii Eliya anapofika langoni pa mji anamkuta mama huyu akiokota kuni. Mvua imekatika, unga uliobaki hauzidi kujaa kiganja, mafuta yako chini kabisa ya chupa, na kuni anazozitafuta, kama anavyomweleza nabii, ni mbili tu. Anataka kupika mara ya mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa.

Wahubiri wengi huharakisha kufika kwenye muujiza wa unga usiokwisha. Sisi tusiharakishe. Mwandishi mtakatifu angeweza kutuambia habari za unga na mafuta tu, akaziacha kuni. Lakini yeyote aliyelelewa katika nyumba za Mara anajua kwa nini zimetajwa. Unga wa muhogo na mtama ukiwa ghalani bila moto, haujawa ugali. Maharage bila moto ni kokoto. Umaskini wa mjane yule unaonekana kwanza pale langoni, mgongo umeinama, macho yanatafuta chini.

Wajane wa Sarepta tunao hata leo, na si lazima waume zao wawe wamekufa. Katika mji wa Musoma wapo akina mama wasioweza kununua gunia la mkaa kwa mara moja, wakanunua kwa kopo, siku kwa siku. Na kila mwuzaji wa Mwigobero anajua kwamba anunuaye kwa kopo hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa gunia. Huko Bunda, vijiji kadhaa vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba, hata mama anayefuata kuni hukumbuka mambo mawili njiani, askari wa wanyamapori na tembo. Butiama vilima vipo, mawe yapo, lakini kuni kavu za kuokota karibu na nyumba zimekuwa adimu, na mabinti huzifuata mbali saa ambazo kaka zao wanasoma au wanacheza mpira.

Tutazame basi jinsi mkaa unavyopatikana. Katika tanuru la udongo la kienyeji, lile la kufukia magogo na kuyachoma polepole, sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi na joto. Kilo 1 ya mkaa yaweza kumaliza kilo 8 au hata 10 za kuni. Kwa hiyo mama wa mjini anayepika kwa mkaa, bila kujua wala kukusudia, anachoma miti mingi kuliko dada yake wa kijijini anayepika kwa kuni zilizodondoka. Mkaa huo huonekana safi, hautoi moshi mwingi, na huletwa mpaka mlangoni. Mahali ulikotoka hapaonekani.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu la leo, na tunalisema hasa kwa akina baba. Tumezoea, sisi wahubiri pamoja na viongozi wa mikutano ya hadhara, kuwaambia wanawake watunze mazingira. Tunawaambia wasikate miti, wapike kwa uangalifu, wabane matumizi. Maneno hayo ni ya kweli, ila yanaelekezwa kwa asiye na mamlaka. Katika nyumba nyingi za mkoa wetu anayebeba mzigo wa kuni kichwani si yeye anayeamua mbuzi auzwe au asiuzwe, wala mti wa shambani ukatwe au uachwe, wala fedha ya pamba au ya samaki itumike kwa nini. Baba ananunua redio, ananunua baiskeli au pikipiki, na hatumlaumu kwa hayo. Lakini jiko lenye nafuu, ambalo bei yake haifiki robo ya vitu hivyo, huitwa anasa ya wanawake. Je, ni haki hiyo? La hasha. Upole kwa uumbaji wa Mungu ukidaiwa kwa mchukuzi tu, mwenye mfuko akaachwa, huo umekuwa mzigo mwingine juu ya mzigo wa kuni.

Ujuzi wa jikoni, kwa kweli, akina mama wanao, na yafaa tuutaje kwa heshima. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kwa kuni chache zaidi kuliko yale yaliyotiwa motoni makavu. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi. Kuni zilizopasuliwa nyembamba na kukaushwa vizuri chini ya paa huwaka kwa joto, hali kuni mbichi hutumia nguvu zake kukausha maji yaliyomo ndani yake na kumjaza mpishi machozi. Mkaa uliobaki baada ya chakula kuiva huzimwa ukatunzwa kwa kesho. Juu ya mafiga matatu yaliyo wazi, joto jingi hukimbilia pembeni na upepo. Lakini jiko la udongo lililokandwa vizuri, lenye mlango mdogo wa kuni, hulizuia joto hilo chini ya chungu. Udongo wake hauuzwi, ila mikono ya kulikanda inahitajika, na mikono ya mwanamume inaweza. Kwa anayetumia mkaa, yako majiko ya bati yenye udongo uliochomwa ndani, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kisha yakafika kwetu. Likitengenezwa sawasawa, jiko hilo hupunguza mkaa sana, pengine hata kukaribia nusu.

Kuhusu gesi, tuseme wazi kwamba mtungi mdogo wa kilo 6 ni msaada mkubwa kwa mwenye kipato cha kila mwezi. Kwa mwenye kupata fedha ya siku, shida haiko katika mtungi bali katika kuujaza tena, kwa sababu kopo la mkaa hununuliwa leo kwa fedha ya leo, na gesi hutaka fedha ya wiki kadhaa kwa pamoja. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Tunaupongeza. Lakini mtungi mtupu uliosimama kona ya jiko kama pambo haujamsaidia mtu, na familia yenye busara huweka akiba ya kuujaza kama inavyoweka ada ya shule. Moshi nao si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliwaua watu milioni 3.2 duniani, wengi wao wakiwa katika nchi kama zetu, na miongoni mwao watoto wachanga waliokuwa mgongoni mwa mama zao wakati ugali unasongwa.

Kule Butiama, mahali alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, upo msitu wa Muhunda, ambao wazee wa Kizanaki waliuheshimu tangu zamani wasiruhusu ukatwe ovyo. Sisi tuliobatizwa hatuweki tumaini letu katika mizimu ya msitu. Hata hivyo wazee wale walikuwa na sababu ya kulizuia shoka, na msitu ulibaki umesimama. Mkristo aliyeacha hofu ile anayo sababu iliyo bora zaidi, kwamba mti ni wa Muumba wake, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilieleza Kanisa zima jambo hilo katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya 1 Januari 1990, kama alivyofanya tena Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2015 katika waraka wa Laudato Si'. Mvua za vuli ndizo wakati wa kupanda. Mijohoro hufaa kwa kuni kwa kuwa ikikatwa huchipua tena. Mikaratusi nayo hukua upesi, ila isipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Apandaye aulize kwanza mti huo utakapokuwa mkubwa utakuwa wa nani. Mama akijua kwamba matawi yake ni ya jiko lake, atauchunga usiliwe na mbuzi.

Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu 1 Juni 2019, na vikapu vimerudi. Hilo lahitaji utii tu. Sabuni na vyombo visioshwe ndani ya Ziwa, maji yachotwe yatumiwe juu ufukoni. Yatosha.

Turudi kwenye Injili. Kabla ya kumsifu mjane wa sarafu mbili, Bwana Yesu anaonya juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Onyo hilo linatuhusu tusemao kwenye redio. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia 31 Januari 2024; shule zetu, seminari na vituo vya mafungo vimo katika hesabu hiyo. Homilia kuhusu miti haiwezi kusikika vizuri mbele ya jiko la taasisi lililozungukwa na magogo.

Kwa makatekista tunaomba jambo moja. Katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo wiki hii, baada ya kusoma habari za Sarepta, kila nyumba ijibu maswali matatu: kuni au mkaa wa jana vilitoka wapi, nani alivileta, na nani aliamua fedha ya mwezi uliopita itumike kwa nini. Akina mama wasikilize kwanza. Akina baba waanze kujibu.