Kijiji Kilichozama: Namna Tunavyotunga Mchezo Wenye Swali Gumu

Mazungumzo yaliyotolewa Dilolo mbele ya jamaa zilizohama, wenyeji wao na viongozi wa vijiji

 

Wengi wenu mmetuuliza swali moja, wengine kwa upole na wengine kwa hasira. Mmesema: mtu amepoteza nyumba, amepoteza shamba, nyinyi mnamletea mchezo? Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe tuliulizana hivyo kabla hatujaanza. Leo tutawaeleza mchezo huu umetungwa namna gani, na tulikosea wapi tulipoutunga. Mkiujua ulivyo ndani mtaweza kuucheza bila sisi, au kuukataa mkijua mnachokataa.

Tuanze na mahali tulipo. Hapa Dilolo, mwenyeji na mgeni wamebadilishana nafasi mara nyingi. Machi 1977 wapiganaji wa FLNC waliingia kutoka Angola wakashika Dilolo, Kisenge na Mutshatsha. Jeshi la Mobutu lilipowarudisha nyuma kwa msaada wa askari wa Moroko, maelfu ya watu wa upande wetu walikimbilia Angola. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, ikawa zamu ya Kolwezi. Kisha vita vya Angola vikawaleta watu wa ng'ambo kwetu, wakakaa Kisenge na Divuma, mpaka amani iliposainiwa Luanda tarehe 4 Aprili 2002, na kuanzia 2003 UNHCR ikaanza kuwarudisha makwao. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wakalala kwenye stesheni wakingoja treni. Mwaka 2009 serikali mbili, yetu na ya Angola, zikafukuziana watu. Kwa hiyo tunapomwambia mtu wa hapa "jiweke mahali pa mgeni", hatumwambii jambo geni. Tunamwomba akumbuke. Na kukumbuka kunauma, ndiyo sababu tunapita njia ya hadithi.

Hadithi tuliyoichagua ni ya ziwa lenye jina la mji wetu, Ziwa Dilolo, lililoko ng'ambo, upande wa Angola. David Livingstone alipita hapo mwaka 1854, na katika kitabu chake cha 1857 aliandika masimulizi aliyoyasikia. Wazee wanaoyajua kwa namna nyingine watuwie radhi, watusahihishe baadaye. Anasema kwamba jioni moja chifu mwanamke, Mwene Monenga, alifika katika kijiji cha Mosogo akaomba chakula, na mke wa Mosogo akampa cha kutosha. Akaendelea mpaka kijiji cha pili. Huko walimnyima, na alipowatisha walimdhihaki wakimuuliza: utafanya nini? Monenga akaanza kuimba polepole, akilitaja jina lake mwenyewe. Alipoivuta sauti ya mwisho, kijiji kikazama, watu, kuku na mbwa, na mahali pake pakawa ziwa. Mkuu wa kijiji, Kasimakate, hakuwako. Aliporudi akakuta maji, akajitupa humo. Livingstone anasema jina Dilolo limetokana na neno lenye maana ya kukata tamaa.

Mnaona ilivyo karibu na sisi. Mtu anafika jioni, ana njaa, na kuna milango miwili.

Sasa namna ya kucheza. Kuna aina ya mchezo iliyozaliwa Marekani ambayo baadhi ya vijana wa mjini wanaijua. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hakuna mpira wala karata. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, yenye misitu na majoka, na wengine kila mmoja anachukua mtu mmoja wa hadithi na kusema: mimi nafanya hivi. Msimulizi anajibu: ukifanya hivyo, hiki kinatokea. Hakuna anayeshinda. Wale wanapenda mapango na mapanga, hilo si letu. Karibu na miaka hiyo hiyo, Mbrazili Augusto Boal alikuwa akifanya tamthilia ambamo mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha igizo, kuingia mahali pa mwigizaji na kujaribu njia nyingine. Sisi tumechukua kidogo huku na kidogo kule. Lakini, kusema kweli, hapa kwetu jambo hili ni la zamani kuliko hao wote. Likishi akitoka, nani kati yenu anamwita kwa jina la jirani yake aliye ndani? Anayecheza si yule tunayemjua. Anaweza kufanya yale ambayo jirani yetu hawezi.

Mara ya kwanza mchezo wetu ulishindwa kabisa. Tuliisimulia hadithi kama ilivyo, tukawapa watu kumi nafasi za wanakijiji, kisha tukauliza: Monenga anaomba chakula, mnafanya nini? Wote kumi wakasema, tunampa. Ikaisha kwa dakika tano, watu wakapiga makofi. Tuliporudi ofisini tulikaa kimya, kwa sababu tulijua kwamba wiki ile ile, katika kijiji kile kile, watu walikuwa wakigombania zamu za pampu ya maji, wenyeji na waliohama. Walikuwa wametujibu sisi, tuliovaa fulana za shirika. Tulikuwa tumetunga mahubiri tukayaita swali. Katika hadithi ile mgeni ni mwema na wanakijiji ni wabaya, basi nani atachagua kuwa mbaya mbele ya watu?

Ikabidi tuwape wanakijiji sababu. Si sababu ya uongo, sababu ambayo mama yeyote hapa angeielewa. Tulisema: kijiji kina nyumba 8. Ghalani mna vikapu 24 vya unga wa mihogo. Kila nyumba inakula kikapu kimoja kwa wiki. Mavuno ni baada ya wiki tatu. Hesabu inatimia kamili, hakuna kinachobaki. Na Monenga hayuko peke yake, amekuja na watu wa kutosha nyumba 4. Wakikaa, unga unaisha baada ya wiki mbili, na wiki ya tatu ni njaa kwa wote, wageni na wenyeji. Tuliweka maharagwe 24 juu ya mkeka, kila haragwe kikapu kimoja, ili hata asiyesoma aone. Mara hiyo hakuna aliyejibu kwa dakika tano. Mzee mmoja aliyahesabu maharagwe mara tatu, kana kwamba tumemwibia.

Kisha tukaongeza siri. Kila mchezaji ananong'onezwa jambo moja ambalo wengine hawalijui. Mwanakijiji mmoja anajua kwamba wageni wa mwaka uliopita walifuatwa na watu wenye silaha. Mwingine ameficha kikapu chake nyumbani, hakukileta ghalani. Monenga anajua mahali penye chumvi, na chumvi ingebadilishwa kwa unga, lakini hasemi, kwa sababu kijiji cha nyuma kiliwanyang'anya kila walichokionyesha. Hakuna anayesema uongo kwa ubaya. Kila mtu ananyamaza kwa hofu yake, na msimulizi haruhusiwi kufungua siri ya mtu. Ikiwa mchezo utaisha na chumvi haijatajwa, iishe hivyo.

Wimbo ulitusumbua zaidi. Tulitaka kuuondoa, tukiona ni uchawi na wachungaji watatukataza. Halafu mama mmoja mwenyeji akatuambia: "Huo wimbo nimeuona. Ni ile kadi ya mgao." Alitaka kusema kwamba mgeni anakuja na njaa, ndiyo, lakini nyuma yake kuna nguvu ambayo mwenyeji hana: gari la shirika linakuja kwa ajili yake, orodha inaandikwa jina lake, na mwenyeji aliyegawa shuka na sufuria yake anasimama pembeni akitazama. Tulisikia aibu, maana orodha hizo tumeziandika sisi. Wimbo tukauacha.

Ila tuliukata vipande vitatu. Monenga akiudhika anaweza kuimba. Akiivuta sauti mara ya kwanza, kuku na mbwa wanazama. Hapo msimulizi anamuuliza: unaendelea? Akiivuta mara ya pili, ghala linazama, pamoja na unga aliokuja kuuomba. Anaulizwa tena. Mara ya tatu ni watu. Na kila mara wanakijiji wanapewa nafasi ya kusema neno moja kabla hajajibu. Tumeona watu wakiimba mara moja na kuacha. Tumeona kijana mmoja, aliyehama na wadogo zake, akiimba mpaka mwisho bila kuangalia mtu. Hatukumkemea. Msimulizi akianza kuadhibu chaguo asilolipenda, mchezo umekufa, tumerudi kwenye makofi. Kinachotokea kitoke katika kile kilichotendwa, na mchezaji awe aliweza kukiona mbele.

Kijana yule, baada ya mchezo, tulikaa naye mpaka jua likashuka. Hili tunawaambia hasa viongozi mnaotaka kuchezesha wenyewe: aliyezika mtu wake juzi msimpe nafasi, mwacheni atazame au aende nyumbani. Kila mchezaji afungwe kitambaa cha kitenge mkononi, na mchezo ukiisha kitambaa kifunguliwe na aitwe kwa jina lake mwenyewe, mbele ya wote, ili asiondoke na hasira ya Monenga. Tena mazungumzo ya baadaye yawe marefu kuliko mchezo. Sisi tunacheza saa moja, tunazungumza saa mbili.

Na msirudie kosa letu la kikapu. Zamani tulitia vitu vidogo kikapuni, tukatikisa, ili kujua kama mvua imekuja au kama jeshi limepita. Mzee mmoja akasimama: "Mnapiga ngombo hapa?" Alikuwa na haki. Nusu ya watu walikuwa tayari wamesogea nyuma. Sasa tunarusha kifuniko cha chupa, juu au chini, hakuna anayekiogopa.

Kuna chifu aliyekataa kucheza mtu mdogo. Alisema hawezi kuombaomba mbele ya watu wake, hata kwa hadithi. Hatukumlazimisha, heshima yake ndiyo inayowafanya watu wamsikie siku ya ugomvi. Tulimpa nafasi ya Kasimakate, mkuu asiyekuwako. Akakaa nje chini ya mwembe muda wote, asisikie chochote. Siku hiyo Monenga alikuwa mwanamke mwenyeji, na wanakijiji walikuwa watu waliohama, tuliwageuza kwa makusudi. Mambo yalikwenda vibaya. Wageni walipewa vikapu viwili na kuambiwa waondoke kabla ya alfajiri, tusi moja likatoka, na wimbo ukafika mwisho.

Ndipo tukamwita Kasimakate. Katika masimulizi ya zamani anajitupa majini. Tulimwambia: kijiji chako ni maji, Monenga amekaa ukingoni na watu wake, bado wana njaa, na mke wa Mosogo amekuja na chakula cha jioni. Unafanya nini?

Mnajua katika kijiji kile kulikuwa na nini. Jamaa zilizorudi zilikuta mihogo ya watu wengine katika mashamba yao ya zamani. Na mihogo si mchicha, inakaa ardhini mwaka au zaidi. Ukimwambia aliyepanda aondoke leo, unamwambia aache chakula cha mwaka mzima. Ukimwambia mwenye shamba angoje, watoto wake watakula nini? Wote wawili wana haki, na wote wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka ule, wakimtazama chifu.

Chifu hakujibu upesi. Aliketi karibu na Monenga, si mbele yake. Kwanza akaomba atajiwe majina ya waliozama, mmoja mmoja, na wachezaji wakayataja, wakibuni majina pale pale, baadhi yao wakilia. Kisha akamuuliza Monenga: "Ulipofika, nani alikujibu, na alikuambia maneno gani hasa?" Halafu akamgeukia mke wa Mosogo akamuuliza ana vikapu vingapi.

Wiki iliyofuata alituita kwake. Hakutaka mchezo. Alitaka yale maharagwe. Aliyamwaga juu ya mkeka mbele ya jamaa zile mbili za shamba, akawaambia wahesabu pamoja: mistari ya mihogo iliyokomaa, mistari michanga, miezi mpaka mvua. Walibishana siku mbili. Walikubaliana juu ya mistari iliyokomaa tu. Ile michanga bado iko mbele ya baraza lake, na Alhamisi wataketi tena.